Je, Marekani wanasoma meseji zangu na shemeji wa Mueda?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha Uraia, nyumbani Newala. Dada yangu ameolewa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Tangu vita vianze mkoani kwao Cabo Delgado tunaulizana hali kila siku na shemeji kwa WhatsApp: nani amekimbilia wapi, nani kafika Pemba ya huko Msumbiji salama, barabara ipi ina askari. Mjukuu wangu aliye chuo ananiambia serikali ya Marekani inasoma yote hayo, tena sheria yao inawaruhusu kwa kuwa sisi si raia wao. Ni kweli? Nina haki gani? Naweza kuwashtaki? Na yeye mwenyewe anaomba nafasi ya kusoma huko, nisije nikamponza. (Mwalimu, Newala)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako sheria kaisoma sawasawa, ila hapo kwenye "yote" katia chumvi.

Sheria anayoisema ipo. Ni kifungu cha 702 cha sheria ya ujasusi ya Marekani iitwayo FISA, kilichoingizwa mwaka 2008. Kinairuhusu serikali yao kuchukua mawasiliano ya mtu kupitia kampuni za Marekani, bila hakimu kutoa kibali kwa jina la mtu huyo, iwapo si raia wala mkaazi wao wa kudumu, yuko nje ya nchi yao, na inatarajiwa kwamba atakuwa na habari zenye faida kwa ujasusi wao wa nje. Mahakama ipo, lakini kazi yake ni kupitisha mpango mzima kwa mwaka. Mtu mmoja mmoja haulizwi kwake. Kwa hiyo wewe hapo Newala umeshapata alama mbili kati ya tatu kwa kuzaliwa kwenu na kubaki kwenu.

Alama ya tatu ndiyo yenye utata. Habari za ujasusi wa nje, kwa tafsiri ya sheria hiyo, si ugaidi na silaha peke yake. Zimo pia habari za nchi ya kigeni zinazogusa ulinzi wa Marekani au uendeshaji wa mambo yake ya nje. Mlango huo ni mpana. Ofisa anayekaa kwenye mazungumzo ya mradi wa gesi wa Lindi anapita humo bila kuinama. Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaosema "kama huna baya, unaogopa nini?" Sheria hii haikuulizi kama una baya. Inakuuliza kama una habari.

Sasa tuje kwenye "yote". Mimi niko Mtwara mjini, kwa hiyo utanivumilia nikisemea bahari: kuvua kwa mshipi si sawa na kuvua kwa kokoro. Kifungu cha 702 ni mshipi. Ndoana yake ni anwani ya barua pepe au namba ya simu ya mtu aliyekusudiwa. Kampuni inapewa anwani hiyo, nayo inakabidhi mawasiliano yake. Dunia ilizijua habari hizi Juni 2013, Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkandarasi wa shirika la ujasusi la NSA, alipowapa waandishi wa The Guardian na The Washington Post nyaraka za mpango ulioitwa PRISM. Tangu hapo serikali ya Marekani yenyewe hutangaza hesabu kila mwaka. Mwaka 2013 waliolengwa kwa kifungu hicho walikuwa 89,138. Mwaka 2023 walikuwa 268,590. Idadi imepanda karibu mara tatu, na hilo si jambo dogo, lakini bado si dunia nzima.

Kokoro nalo lipo, ila limo kwenye chombo kingine. Ni Amri ya Rais namba 12333, iliyotiwa saini na Ronald Reagan mwaka 1981, inayotawala ujasusi unaofanyika nje ya ardhi ya Marekani. Kule hakimu hahusiki kabisa. Mei 2014, kutokana na nyaraka zilezile za Snowden, iliripotiwa kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za Kenya, yaani nani kampigia nani, lini, kwa muda gani, na kwamba huko Bahamas shirika hilo lilikuwa likihifadhi hata sauti za wanaozungumza. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapiga marufuku kokoro la kumbukumbu za simu kwa watu walio ndani ya nchi yao. Kwa sisi wa nje halikupigwa marufuku. Limewekewa orodha ya makusudi ambayo kilichovuliwa kinaruhusiwa kutumika, basi. Ni kama mtu aliyekataza kokoro bandarini kwake akaendelea kulivuta bandarini kwa jirani.

Nisikufanye uamini kwamba hii ni tabia ya Wamarekani peke yao. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba taarifa kutoka kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, jengo lililojengwa kwa msaada wa China, zilikuwa zikihamishiwa Shanghai usiku wa manane kwa miaka kadhaa. China ilikanusha. Wamarekani tunawajadili sana kwa sababu mbili: kampuni zinazobeba maneno yetu ni zao, na sheria zao zimeandikwa zikachapishwa, kwa hiyo zinasomeka. Wengine hawajaandika hata hizo.

Turudi kwako. Sioni sababu ya Mwalimu mstaafu wa Newala kutundikwa kwenye ndoana. Jambo linaloweza kukugusa ni kunaswa pembeni. Machi 2021 Marekani iliwaweka wapiganaji wa Cabo Delgado kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi, na kabla ya hapo, Oktoba 2020, walishavuka mto wakavamia Kitaya, hapa hapa mkoani kwetu. Eneo hilo kwa hiyo linaangaliwa. Akilengwa mtu ambaye shemeji yako alinunua kwake mafuta ya pikipiki, au aliyeingizwa kwenye kundi la ukoo na binamu wa binamu, mazungumzo yake na wengine huchukuliwa pamoja naye. Hakuna atakayekuarifu. Kundi la ukoo lenye watu mia mbili, nusu yao hamjawahi kuonana, ndilo tundu kubwa kuliko simu yako.

Lakini hebu tuangalie ni nini hasa kinachonaswa. Meseji za WhatsApp tangu Aprili 2016 zinasimbwa kwa fiche kuanzia simu yako hadi simu ya shemeji, na kampuni yenyewe haina ufunguo wa kuzifungua. Ifikirie barua. Karatasi ya ndani kampuni haiioni, ila bahasha inaiona: namba iliyotuma, namba iliyopokea, saa, siku, uko kwenye makundi gani. Bahasha peke yake husema mengi. Mtu akipiga simu tatu hospitali, moja kwa fundi wa jeneza, kisha kumi kwa ndugu, huhitaji kusikiliza neno hata moja. Barua pepe za kawaida, kama Gmail, ni hadithi nyingine, maana kampuni inaweza kusoma zote mbili, bahasha na karatasi, ikiamriwa. Na meseji ya kawaida ya simu, ile ya kulipia kwa vocha, ndiyo dhaifu kuliko zote. Watu wengi hudhani ni kinyume.

Umeniuliza haki. Hapa ndipo ninapofurahi kwamba ulifundisha Uraia, kwa sababu kesi nzima inasimama kwenye neno moja: mtu.

Katiba ya Marekani, Marekebisho ya Nne, inalinda haki ya "watu" kuwa salama katika miili yao, nyumba zao, hati zao na mali zao dhidi ya upekuzi usio na sababu. Watu gani? Mwaka 1990 Mahakama ya Juu yao iliulizwa swali hilo kwenye kesi ya Mmeksiko aitwaye Verdugo-Urquidez, ambaye nyumba zake mbili huko Meksiko zilipekuliwa na maofisa wa Marekani wa dawa za kulevya bila hati ya hakimu. Jaji Mkuu Rehnquist aliandika kwamba "watu" wa Marekebisho ya Nne ni wale walio sehemu ya taifa lile au waliojenga uhusiano wa kutosha nalo. Mmeksiko aliyepekuliwa nyumbani kwake Meksiko hakuwemo. Kama hakuwemo yeye, aliyekwisha kamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama zao, wewe wa Newala hata mlangoni hujafika.

Na usidhani raia wao wanapita kirahisi. Amnesty International, pamoja na mawakili na waandishi wa Kimarekani, walikipinga kifungu hicho cha 702, na mwaka 2013 wakashindwa kwa majaji watano dhidi ya wanne: hawakuweza kuonyesha kwamba wao hasa walisikilizwa. Unatakiwa uthibitishe siri ambayo mwenye siri anakataa kuitoa. Kwa hiyo jibu la "naweza kuwashtaki?" kwa Marekani ni hapana, Mwalimu, na wakili atakayekuchukulia hela akuambie vinginevyo mkimbie.

Ila wapo walioisoma lugha ya katiba yao kwa upana. Wajerumani katika Katiba yao ya 1949 wametenganisha haki: nyingine ni za "Wajerumani wote", kama kukusanyika kwa amani, na nyingine hazikutaja taifa, ikiwemo siri ya barua na mawasiliano. Serikali yao ilikuwa ikishikilia kwamba shirika lao la ujasusi, BND, likimsikiliza mgeni aliye ugenini halifungwi na Katiba. Waandishi wa habari wa kigeni wakaenda Karlsruhe, kwenye Mahakama ya Katiba, na tarehe 19 Mei 2020 wakashinda. Mahakama ilisema dola ya Ujerumani inapotumia mkono wake, Katiba huufuata mkono huo hata ukivuka mpaka, na asiye Mjerumani aliye nje analindwa dhidi ya kusikilizwa simu. Bunge likalazimika kuandika sheria upya na kuunda chombo huru cha kuwakagua majasusi. Mwaka 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema jambo la jirani na hilo kuhusu Uingereza: aliye nje anaweza kulalamika, kwa sababu maneno yake yanapopekuliwa London, haki yake inaguswa London, hata kama mwili wake uko kwingine.

Nakiri nina upendeleo, naiona hoja ya Karlsruhe kuwa ndiyo sahihi. Inaanza kwa kumuuliza mwenye nguvu, siyo kwa kumkagua aliyeonewa pasipoti.

Upo pia mfano wa haki iliyopatikana kwa njia ya soko. Mwanafunzi wa sheria wa Austria, Max Schrems, baada ya habari za Snowden alilalamika kwamba taarifa zake za Facebook zinapelekwa Marekani na huko hazina ulinzi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana naye, ikafuta mkataba wa kuhamisha taarifa mwaka 2015, na ule ulioufuata ikaufuta 2020. Kampuni za Marekani zikaingiwa na kiwewe, na Oktoba 2022 Rais Biden akatia saini amri iliyofungua dirisha la malalamiko na mahakama maalumu ya kuyapitia. Ukiisoma amri ile utapenda: inasema faragha ya kila mtu izingatiwe popote alipo, bila kujali uraia. Ukifika kwenye dirisha lenyewe ndipo unakuta linafunguliwa kwa nchi zilizoteuliwa kwa majina. Wamo wa Umoja wa Ulaya na wachache walio karibu nao, Uingereza, Uswisi. Tanzania haimo. Msumbiji haimo.

Sasa fungua Katiba yetu, naamini unayo kabatini. Ibara ya 17, juu ya kwenda utakako, inaanza "Kila raia". Ibara ya 16, iliyo juu yake, inaanza "Kila mtu", na ndani yake yamo maisha binafsi, familia, maskani na "mawasiliano yake ya binafsi". Walioandika walijua tofauti ya maneno hayo mawili. Shemeji yako akivuka kuja kukutembelea, simu yake mkononi, kwa ibara ya 16 yeye ni mtu kama wewe. Haina maana kwamba serikali haiwezi kuingia. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa usalama wa taifa, na vyombo vyetu vinaitumia ruhusa hiyo. Ila swali "yeye ni nani hata alindwe?" kwetu limeshajibiwa, na hilo Marekani bado wanabishana nalo. Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake imezinduliwa Aprili 2024. Tume hiyo haitakwenda kumkamata jasusi wa Marekani. Unaweza kuilalamikia kampuni au ofisi ya hapa inayotumia taarifa zako vibaya au kuzipeleka nje bila kufuata masharti, na kwa maisha ya kawaida hilo ndilo litakalokukuta kwanza. Zile programu za mikopo ya kausha damu zinazokomba majina yote ya kwenye simu kisha kuwatumia wakwe zako meseji za kukuaibisha zimeliza watu wengi Mtwara hii kuliko NSA.

Nina neno moja la wasiwasi, nalo nalisema kwa heshima. Katika orodha uliyonitajia, "nani kafika Pemba" hainisumbui. "Barabara ipi ina askari" inanisumbua, na si kwa ajili ya Washington. Januari 2019 mwandishi wa redio ya jamii alikamatwa Macomia, huko huko Cabo Delgado, akiwa anahoji watu waliokimbia vijiji vyao, akakaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Shemeji anaishi katika nchi iliyo vitani, na simu yake inaweza kufunguliwa kwenye kizuizi chochote cha barabarani, mbele ya macho yake, bila teknolojia ya ajabu. Muulize kama njia inapitika. Idadi ya askari na mahali walipo usimwombe aandike. Na zile video za wapiganaji zinazozunguka kwenye makundi, hata ukizipeleka kwa nia ya kulaani, zikifika kwako zifute.

Kuhusu mjukuu, jicho litakalomfikia yeye halijifichi, limo kwenye fomu. Tangu 2019 anayeomba viza ya Marekani huandika majina ya akaunti zake zote za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita. Tangu Juni 2025 wanafunzi wanaoomba wanatakiwa waziache akaunti hizo wazi ili zikaguliwe. Na mwaka 2024 Bunge lao, lilipokiongezea muda kifungu cha 702, liliruhusu pia hazina ya taarifa zilizokusanywa kwayo itumike kuwachunguza wageni wanaotaka kuingia. Wewe kuuliza hali ya dada yako hakumponzi. Anaweza kujiponza mwenyewe akificha akaunti, maana kuonekana umedanganya kwenye fomu ni kosa zito kuliko utani wowote wa Instagram. Aandike zote, hata ile aliyoiacha tangu kidato cha nne. Na asifute mambo kwa pupa wiki moja kabla ya usaili, aanze kupitia sasa, taratibu.

Kazi moja mfanye pamoja akija likizo. Meseji za WhatsApp zimefungwa zikiwa njiani, lakini simu nyingi kila usiku hutuma nakala rudufu kwenda Google au Apple, na nakala hiyo isipofungwa maalumu, kampuni inayoitunza inaweza kuifungua ikiamriwa. Aingie kwenye mipangilio ya gumzo, sehemu ya nakala rudufu, awashe usimbaji fiche wa nakala. Itawaomba nywila. Fanyeni hivyo hivyo kwa simu ya shemeji, mwelekezeni kwa sauti, maana upande wake ukibaki wazi na maneno yako yamo mle. Nywila hiyo kampuni haiwezi kuwarudishia mkiisahau, kwa hiyo iandike kwenye daftari la karatasi, uliweke pale unapoweka hati ya shamba la mikorosho.